Niliinua gari la guka, usukani ukaanza kukataa

Kama umewahi kupita Kona Baridi ukielekea Magadi, unaijua ile sehemu barabara inapoanza kushuka na Bonde la Ufa linafunguka mbele yako. Ni pahali pa kusimama upige picha. Mimi siku hiyo sikupiga. Nilikuwa nimeng'ang'ania usukani kwa mikono miwili, huku tairi za mbele zikitikisika kushoto kulia kama mtoto anayekataa uji.

Ilianza na shimo dogo tu. Nilikuwa naenda kilomita 65 kwa saa hivi. Tairi la kushoto likaingia, likatoka, na usukani ukaanza kucheza. Sekunde mbili baadaye dashibodi yote ilikuwa inapiga kelele. Sistangu mdogo alikuwa kando yangu akirekodi video ya Insta. Video hiyo iko mpaka leo, na sehemu kubwa yake ni yeye akipiga nduru.

Nikafanya kosa ambalo wengi wetu tungefanya: nikakanyaga breki kwa nguvu. Gari likavuta kulia, upande wa magari yanayopanda. Bahati hakukuwa na lori. Lilipopunguza kasi, kutikisika kukaisha ghafla kama vile hakukuwa na shida yoyote. Tukaegesha kando. Sistangu akashuka, akakaa kwenye jiwe, akaniambia, "Mimi hii gari siingii tena mpaka uitengeneze. Na nitamwambia guka."

Hiyo ya guka ndiyo iliniuma.

Gari lenyewe

Ni Suzuki SJ410, ile ndogo ya mraba ambayo wengi wanaiita Sierra. Hizi zilianza kuundwa 1981. Injini ni ya sisi 970, gia nne, na mbele na nyuma inakaa juu ya springi za vibao kama pikapu ya zamani. Hakuna pawa stelingi. Hakuna kompyuta. Ya guka ni ya 1985, ina umri unaonizidi kwa miaka mingi.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, karibu kila mtu kwetu alinipa lecture. Guka hakunipa. Alinipa funguo. "Imekaa chini ya mwembe tangu macho yangu yaharibike," akasema. "Ukiifanya itembee, utanipeleka Magadi siku moja nione kule nilikofanya kazi nikiwa kijana." Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa deal yetu.

Nikaifanya itembee. Halafu, kama msee yeyote anayekesha YouTube akiangalia video za Rhino Charge, nikataka ikae juu. (Rhino Charge, kama hujui, ni yale mashindano ya magari porini yaliyoanza 1989, ambayo huchangisha pesa za uhifadhi.) Nikapeleka springi kwa jamaa wa jua kali akazipinda upya na kuongeza kibao kimoja kila upande. Nikaweka shakeli ndefu mbele na nyuma, yaani vile vibao viwili vya chuma vinavyoning'iniza ncha ya springi kwenye chesi. Zangu zilikuwa ndefu kuliko za mwanzo kwa inchi mbili. Nikamalizia na tairi kubwa na rimu zilizotokeza nje.

Gari likapanda kama inchi tatu. Picha nilizopost zilipata likes kuliko kitu chochote nimewahi kuandika. Hakuna aliyeniuliza kama usukani unarudi.

Pesa niliyotupa

Baada ya Kona Baridi nilifanya kile kila mtu hufanya. Niliuliza kila mtu.

Gereji ya kwanza ikasema ni balansi ya tairi. Tukabalansi. Ikatulia siku tatu, ikarudi. Ya pili ikasema ni dampa ya stelingi, ile shokapu ndogo inayolala kando ya ekseli. Nikashuka Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaiita Grogan, nikanunua mpya kwa Sh4,500. Wiki mbili gari lilikuwa poa kabisa, nikajipiga kifua. Wiki ya tatu nikapita kwenye matuta ya reli na ngoma ikaanza tena. Ya tatu ikabadilisha ncha zote za tairodi, ikachukua elfu tisa na kuniambia, "Hizi gari za zamani ndivyo zilivyo."

Hapo nilikuwa nimetumia zaidi ya Sh15,000 na bado nilikuwa naendesha kwa 50 nikiomba Mungu. Mathe alishaanza kusema kuna mtu Rongai anaweza kulinunua.

Jamaa mmoja tunayekutana naye kwenye mbio za matope akanituma kwa fundi mzee Kariobangi, Light Industries. Hana bango. Ana jeki mbili, dungu la grisi na redio ya zamani. Nikamweleza kila kitu nilichobadilisha. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kijana, kati ya hivyo vyote, ni gani uliona kimelegea kabla ya kukinunua?"

Sikuwa na jibu. Sikuwa nimeona hata kimoja.

Angalia kwanza, nunua baadaye

Aliyonionyesha siku hiyo unaweza kuyafanya hata nyumbani, ukiwa na mtu mmoja wa kukusaidia. Nayaandika jinsi alivyoyapanga.

Kwanza, gari likae chini kwa tairi zake, injini imezimwa, stelingi haijajifunga. Mtu mmoja akae ndani azungushe usukani kidogo tu kushoto na kulia, kama anayepepeta. Wewe lala chini uangalie. Anza kwenye boksi la stelingi, fuata kila kiungo mpaka kwenye tairi. Unatafuta pahali ambapo upande mmoja unasonga na wa pili unachelewa. Hapo ndipo kuna plei. Angalia pia bolti za boksi lenyewe na chesi iliyo karibu nalo, maana magari ya umri huu hupasuka hapo na ufa unajificha chini ya matope.

Kwangu, boksi lilikuwa sawa. Tairodi zilikuwa mpya, kwa kuwa nilishazilipia bure.

Pili, piga jeki upande mmoja, weka stendi, halafu shika tairi juu na chini ulitikise. Langu la kushoto likagonga, tak tak. Nikasema, "Beringi ya gurudumu." Mzee akamwambia spana boi wake akanyage breki na aishikilie. "Tikisa tena." Bado linagonga.

"Breki ikikanyagwa, gurudumu linashikana na kile kilicho nyuma yake," akaeleza. "Kama ingekuwa beringi ya gurudumu, hiyo plei ingepotea. Haijapotea. Hiyo ni kingpini."

Kingpini ni ile pini ambayo gurudumu lote huzunguka juu yake unapokata kona. Kwenye SJ410 iko moja juu na moja chini, kila moja na beringi yake. Watu watatu walikuwa wamechukua pesa yangu na hakuna aliyeligusa tairi kwa njia hiyo.

Tatu, shika tairi kushoto na kulia ulitikise. Hapo unapima ncha za tairodi. Kisha angalia bushi za springi, na zile bolti za U zinazofunga springi kwenye ekseli. Zikilegea, ekseli nzima inatembea, na hakuna usukani utakaonyooka.

Skrubu iliyo juu ya boksi la stelingi ndiyo ya mwisho kuguswa. Wengi huikaza wakidhani wanatoa plei. Ukiikaza kupita kiasi, usukani unakuwa mzito, haurudi katikati, na boksi linajila lenyewe ndani.

Mbona bodaboda hunyooka yenyewe

Nikadhani tumemaliza: kingpini, beringi, twende nyumbani. Mzee akaniuliza, "Ukikata kona na hii gari, ukiachilia, usukani unarudi wenyewe?"

Nikafikiria. Hapana. Tangu nilipoinua gari, ilibidi niurudishe kwa mkono.

Akanionyesha bodaboda iliyokuwa imeegeshwa nje. "Angalia fork ya mbele. Imesimama wima au imelala nyuma?" Imelala nyuma. "Hiyo ndiyo inafanya pikipiki ipende kwenda moja kwa moja hata mwenye kuendesha akitoa mkono apokee simu." Kwenye gari, mlalo huo huitwa kasta. Sehemu ya juu ya kingpini inafaa kuwa nyuma kidogo ya sehemu ya chini. Kwenye gari kama langu, likitoka kiwandani, ni kama digrii tatu na nusu. Hizo digrii chache ndizo huvuta tairi kurudi katikati kila linaposukumwa na shimo.

Tukatoa simu yangu, tukafungua programu ya kupimia pembe, tukahakikisha sakafu iko sawa, halafu tukailaza juu ya kifuniko cha kingpini. Ikasoma nusu digrii.

Kwa hivyo digrii tatu zilienda wapi? Hapo ndipo shakeli zangu za Insta zinaingia. Kwenye Suzuki hii, shakeli ya springi ya mbele iko ncha ya mbele, karibu na bampa. Ncha ya nyuma imefungwa kwa chesi moja kwa moja. Ukirefusha shakeli kwa inchi mbili, ncha ya mbele inashuka, ya nyuma inabaki palepale. Springi nzima inainamia mbele, na ekseli iliyofungwa juu yake inainama nayo. Tukapima springi: sentimita tisini na kidogo. Ukishusha ncha moja ya kitu cha urefu huo kwa sentimita tano, umekizungusha karibu digrii tatu. Hesabu ya form two. Niliifanya kwa vumbi kwenye bonneti, na ilikuwa mara ya kwanza tangu niache chuo kupata jibu sahihi mbele ya mtu.

Na kwa uharibifu wote huo nilipata nini? Kwa kuwa ekseli iko katikati ya springi, shakeli iliyoongezwa inchi mbili huinua gari inchi moja tu. Inchi mbili nyingine zilitoka kwa zile springi zilizopindwa. Niliuza kasta yangu yote kwa inchi moja ya picha.

Picha ikawa wazi. Kingpini iliyolegea iliipa tairi nafasi ya kutikisika. Kasta iliyopotea ikaondoa kitu cha kulituliza. Rimu zilizotokeza nje zikaipa barabara mkono mrefu wa kulivuta. Shimo la Kona Baridi lilikuwa kiberiti tu, petroli nilikuwa nimeimwaga mimi. Balansi na dampa zilituliza dalili kwa siku kadhaa, ugonjwa ukabaki.

Kabari au kushuka

Mzee akanipa njia mbili.

Ya kwanza ni kabari. Ni kipande cha chuma chenye upande mnene na upande mwembamba, kinachowekwa kati ya springi na ekseli. Kwenye gari ambalo springi iko chini ya ekseli kama hili, upande mnene unaelekea mbele, ili ekseli irudi kulala nyuma. Iwe ya chuma, si alumini, kwa sababu alumini hupasuka. Pini ya katikati ya springi lazima iwe ndefu zaidi, na bolti za U ziwe na nyuzi za kutosha. Bei yake nyingine ni kwamba ukiizungusha ekseli, pua ya difu inayoelekea nyuma inashuka, na propela ya mbele inafanya kazi kwa pembe mbaya zaidi. Ukiweka four-wheel utaisikia ikinguruma.

Ya pili ni kutoa shakeli ndefu na kurudisha za mwanzo. "Utapoteza inchi moja," akasema. "Springi zako zitabaki."

Nilinyamaza muda mrefu kuliko ningependa kukubali. Inchi moja. Nikawaza zile likes. Halafu nikawaza sistangu kwenye lile jiwe.

Tukarudisha za mwanzo, mbele na nyuma. Nyuma pia, kwa sababu ukishusha mbele pekee gari linainamisha pua, na sehemu ya kasta inapotea tena.

Kingpini zikafunguliwa. Beringi za kushoto zilikuwa zimechimbika vishimo, grisi imegeuka uji wa kutu. Tukaweka mpya pande zote mbili. Kuna vibati vyembamba vinavyokaa chini ya kifuniko cha pini. Ukipunguza, beringi inakazwa, ukiongeza, inalegea. Kupima, mzee alichomoa tairodi, akafunga mizani ya kuning'iniza, ile ya muuza samaki, kwenye tundu la tairodi, akavuta polepole akisoma ni uzito gani unaanza kuisogeza. Ikiwa nyepesi sana itatikisika. Ikiwa nzito sana usukani hautarudi.

Mwisho tukapima tairi za mbele kwa futi, mbele na nyuma ya ekseli. Zinafaa kukaribiana mbele kidogo, na sisi tulilenga milimita tatu. Kila nati ya stelingi ikarudishiwa pini mpya ya kuizuia isifunguke. Rimu niliuza, nikanunua za kawaida.

Kitu kimoja mzee alikataa kabisa. Kwa sababu gari bado limeinuka, ile rodi ndefu inayotoka kwenye boksi kwenda upande wa pili wa ekseli imelala kwa mteremko kuliko ilivyokuwa. Ndiyo maana springi ikibonyea, gari linajikata kidogo bila wewe kugusa kitu. Kuna mtu aliyekuwa ameniambia ipashwe moto na gesi, ipindwe kama Z, ilingane. Mzee akaweka spana chini. "Kitu cha stelingi hakipashwi moto na hakichomelewi hapa kwangu. Breki ikikatika una gia. Hii ikikatika una nini?" Ukitaka kurekebisha mteremko huo, tafuta kipuri kilichoundwa kwa kazi hiyo, cha kufungwa kwa bolti. Kwa kimo nilichobaki nacho, nimeamua kuishi nao.

Kama inakutokea saa hii

Gari likianza kutikisika ukiwa barabarani, usikanyage breki kwa pupa kama mimi. Shika usukani imara, toa mguu kwenye mafuta, liache lipunguze kasi lenyewe, kisha uegeshe. Na usiliendeshe tena siku hiyo kwa sababu eti limetulia. Litatulia mpaka shimo linalofuata.

Na kabla hujainua gari lako, pima kasta. Simu unayo tayari. Pima kabla, pima baada. Kama fundi wako hawezi kukuambia springi yako ina shakeli upande gani, usimwachie.

Simu yangu ilisoma digrii tatu na robo tulipomaliza. Nilirudi Kona Baridi peke yangu kwanza, asubuhi, nikalitafuta shimo lilelile. Nikaingia kwa 50, kisha 60, kisha 70. Usukani ukaruka mara moja, ukarudi katikati, ukanyamaza. Nikaegesha na kukaa pale dakika kumi nikitetemeka mimi badala ya gari.

Jumamosi iliyofuata nilimchukua guka. Sistangu alikaa nyuma, na alifunga mshipi kabla hata sijawasha injini. Tulipopita Kona Baridi mzee alikuwa amenyamaza, uso umeelekea dirishani, ingawa sijui anaona kiasi gani siku hizi. Baada ya Olorgesailie, joto likianza kuuma, akaniambia, "Imekaa juu kidogo kuliko nilivyoiacha."

"Inchi mbili, guka."

"Mm." Kimya tena. Kisha: "Mimi niliipeleka kote huko ikiwa hivyohivyo ilivyotoka kiwandani."

Sistangu alicheka mpaka tukafika Magadi.